Klachi Tatu Juu ya Kaunta

Saa moja na nusu asubuhi Inspekta Mashavu Mhando alimkuta Shamsia palepale alipomwacha jana yake jioni: ameegemea nguzo ya geti la polisi Korogwe, chupa ya uji wa mumewe mkononi, mtandio umemshuka mabegani wala hana habari nao.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe ulilala kweli?"

"Nilale vipi? Kesho saa tatu mume wangu anasimama mahakamani. Gereji wameshaichoma. Wamesema akitoka watamchoma na yeye."

"Akina nani wamesema?"

"Haohao aliowatengenezea magari miaka kumi na mbili."

Mashavu alimpita akaingia getini. Aliletwa kutoka ofisi ya mkoa, Tanga, kwa sababu kesi yenyewe ilikuwa na miguu miwili, mmoja Handeni na mwingine Korogwe, na kila upande ulikuwa unaisukuma kesi kwa mwenzake. Mkuu wake alimwambia neno moja tu: jalada liwe mezani leo saa kumi na mbili jioni, na jina moja ndani yake.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumamosi saa tano asubuhi, pale Mkata, Subaru ya bluu isiyo na namba mbele ilimgonga Salimu, mkulima wa Kwaluguru. Salimu alikuwa ametoka mashineni kusaga unga wa muhogo, kiroba kiko kwenye baiskeli, anakwenda kupanda basi la Handeni ampelekee mteja wake. Alikufa palepale. Kiroba kilipasukia juu ya boneti. Dereva hakushuka.

Jumatatu gari likakutwa Masuguru, Korogwe, kwenye gereji ya Ukasha, mume wa Shamsia, taa ya kushoto imevunjika. Kuhusu gari hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa wa dereva.

Julius, mwenye gari, alikwenda mwenyewe polisi Handeni kuandikisha maelezo. Alinunua klachi mpya Ijumaa, Ukasha akaifunga jioni ileile, kisha fundi akaomba abaki na gari Jumamosi ili aizoeshe ile klachi. Basi, kama kuna mtu aliua, ni fundi. Maelezo yalikuwa kurasa mbili, yamenyooka, kila ukurasa una sahihi. Ukasha naye alisema klachi aliifunga Jumapili, na Jumamosi hakuliona gari hata kwa mbali, alikuwa shambani kwake anapalilia. Shahidi wake nani? Magugu.

Mashavu aliingia chumba cha mahojiano. Ukasha alikuwa mtu mwembamba, vidole vimeingia mafuta meusi ambayo hata siku mbili za mahabusu hazikuyatoa.

"Ijumaa ulionekana na Julius kwenye duka la spea la Elisha," alianza Mashavu.

"Nilikwenda. Klachi yake ilikuwa imekwisha, inateleza. Nikamwambia nunua ya kuendeshea mtaani, yeye akang'ang'ania ile ya resi, ya magari ya mashindano. Tukagombana mbele za watu."

"Kisha ukaenda kuifunga."

"Siku ya Ijumaa? Afande, Ijumaa saa sita nafunga gereji, naoga, naenda msikitini. Nikishatoka huko sishiki spana mpaka kesho yake. Masuguru nzima inajua."

"Nimewauliza. Masuguru nzima haijui kitu."

Ukasha alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Watajuaje, na wengine wana vidole vinanuka petroli?"

"Jumapili alileta gari saa ngapi?"

"Saa mbili. Limeoshwa, linang'aa kama la bwana harusi, taa imevunjika. Nikamuuliza, akasema kagonga ng'ombe wa Wamasai pale Sindeni. Nikashusha giaboksi. Nikatoa pleti, presha na beringi yake. Mpira unaofunika mkono wa klachi nao ulikuwa umechanika vipande viwili, nikaweka mwingine. Jioni akalichukua. Jumatatu asubuhi huyo, karudi: eti linaruka, hawezi kuliendesha. Nikamwambia, si nilikuambia? Akaniachia nimbadilishie. Hazikupita saa mbili, polisi mlangoni."

"Kwa hiyo alikuachia gari mkononi, kisha akaenda kukushtaki."

"Mimi nilifikiri amekuja kukubali kwamba nilikuwa na haki," alisema Ukasha. "Nikafurahi, afande. Mjinga mimi, nikafurahi."

Uani, Koplo Sabiri alikuwa amekwishavua turubai lililofunika Subaru. Sabiri alikuwa kijana wa Handeni, mwandishi mzuri wa maelezo, ila alikuwa na haraka ya kuelewa mambo kabla hayajaisha kusemwa.

"Nipe ufunguo," alisema Mashavu.

"Afande, hili gari lina matatizo."

"Ndiyo maana nautaka."

Alikanyaga pedali ya klachi. Ilikuwa nzito, goti lilimtetemeka. Akaweka gia ya kwanza, akaachia taratibu kama alivyofundishwa chuoni. Gari liliruka mbele kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, likatikisika mara mbili, likazima. Akarudia. Likaruka tena. Mara ya tatu lilikwenda hatua kumi likigongagonga, na askari wawili waliokuwa wanapiga mswaki bombani wakasogea mbali kwa heshima. Sabiri aliuma mdomo asicheke.

"Cheka tu," Mashavu alimwambia akishuka. "Umeona magurudumu?"

"Yanaruka."

"Hayasubiri. Ukiachia tu, yanakwenda. Kumbuka hilo."

Akazunguka mbele. Juu ya boneti kulikuwa na ule mdomo wa kuvutia hewa, mpana kama kopo lililobonyezwa. Nje gari lilikuwa safi, hata kwenye pembe za vioo. Aliwasha tochi akamulika ndani ya mdomo. Chini kabisa, kwenye mapezi ya rejeta ndogo ya kupoza hewa ya injini, kulikuwa na kitu cheupe kimegandamana. Aliyeosha gari aliosha kinachoonekana. Mashavu alikikwangua kwa ncha ya kalamu, akakitia kwenye bahasha, wakaandika saa na kusaini wote wawili.

"Unga," alisema Sabiri. "Lakini tunajua gari ndilo hili, afande. Hautusaidii kitu."

"Labda. Twende dukani."

Duka la Elisha lilikuwa na kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya mafundi. Elisha mwenyewe alikuwa Msambaa mtu mzima, miwani imefungwa kwa kamba nyuma ya kichwa, anasema polepole kama anayepima kila neno. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani na za mvua mpaka zikaisha. Ndipo Mashavu akaweka mikono juu ya kaunta.

"Mzee, niuzie klachi. Nina Subaru kama ya Julius, nimeiongeza nguvu, na naendesha mtaani tu. Kazini, sokoni, nyumbani kwa mama. Siendi mashindanoni."

Elisha alimtazama juu ya miwani, akaelewa. Aliingia nyuma, akarudi mara tatu, na kila mara alitua kitu kizito mezani. Kila klachi ilikuwa na vipande viwili: pleti, ile sahani inayoshika, na presha, lile bamba la chuma lenye springi linaloibana pleti.

"Hii ya kwanza ni kama iliyokuja na gari kutoka kiwandani. Laini, hata bibi yangu angeikanyaga. Lakini ukishaongeza nguvu za injini, inashindwa kuzishika. Inateleza."

"Ya pili?"

"Pleti ni ya kawaida ileile, ila presha ni nzito zaidi. Pedali inakuwa ngumu kidogo, siyo sana. Inashika, inavumilia foleni ya stendi, inavumilia mlima. Ukija kwangu unaendesha mtaani, nakuuzia hii na narudi kunywa chai yangu."

"Na hii?"

Elisha aliigeuza ya tatu. Badala ya mviringo mzima, pleti ilikuwa na vipande sita tu vyenye rangi ya shaba, vimekaa mbalimbali kama petali za ua.

"Ya resi. Hii haina katikati, mwanangu. Ama imeshika, ama imeachia. Ukitaka kuondoka taratibu, gari litaruka au litazima. Ndiyo aliyoinunua Julius."

"Kwa nini, kama anaendesha mtaani?"

"Sifa! Vijana wanaofukuzana magari wakisikia Subaru inagongagonga ikiondoka, wanajua mwenyewe kafunga kitu cha resi. Ukasha alimwambia hapahapa, kabla ya adhana: 'Klachi huchagui kwa nguvu za injini peke yake. Unachagua kwa mguu wako na njia unayopita.' Julius akamwita fundi wa trekta. Yakawa maneno."

"Ulimwona nani anaondoka na gari?"

"Julius alilitoa mwenyewe, boksi akalitia kwenye buti. Lakini alikwenda gereji au alikwenda Handeni, hilo sikuliona. Siwezi kuapia nisichokiona."

Sabiri alikuwa amefungua jalada. "Afande, hapa panaelewana na maelezo ya Julius. Shahidi wa Mkata alisema baada ya kugonga gari lilinguruma bila kuondoka. Nimeandika mwenyewe: dereva alishindwa na klachi mpya ya mashindano. Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa imeshafungwa, na gari lilikuwa na fundi."

Elisha alivua miwani. "Linanguruma bila kuondoka? Na klachi ya resi? Thubutu!"

Mashavu aligeuka. Aliyaona tena magurudumu ya asubuhi, yakiruka kila alipoachia pedali. Hakuna lililosubiri. Akamwomba Sabiri namba ya shahidi. Shahidi alikuwa Mwantumu, muuza mihogo ya kuchemsha kituoni Mkata, aliyekuwa hatua kama ishirini kutoka mauti yalipomkuta Salimu. Mashavu aliiweka simu katikati ya zile klachi tatu, sauti juu.

"Mwantumu, ni Inspekta Mashavu. Lile gari baada ya kumgonga marehemu lilifanyaje? Nisimulie kama mimi sina macho."

"Lilisimama, mama. Nikadhani anashuka. Halafu likaanza kulia."

"Lililiaje? Liigize wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Nakuomba."

Kisha simu ikanguruma sauti ndefu, inapanda, inapanda, haikatiki, mpaka Mwantumu akaishiwa pumzi. Kwa mbali watu wa kituoni walisikika wakicheka.

"Likiwa linalia hivyo, magurudumu yalikuwa yanafanya nini?"

"Yametulia tuli! Ndicho kilichonishangaza. Kelele zote zile, gari linajikokota kama konokono. Halafu ile harufu, mama. Kama nywele zinaungua. Nilifunika mihogo yangu."

"Liliruka? Lilitikisika? Lilizima?"

"Halikuruka hata kidogo. Likaondoka polepole hivyohivyo, likakata njia ya Handeni."

Simu ilipokatika, Elisha alikuwa ameshaweka kiganja juu ya klachi ya kwanza, ile laini.

"Hiyo ni klachi iliyokwisha," alisema. "Injini inazunguka, pleti inateleza, inajichoma. Ya resi ikikushinda, gari linaruka na kuzima. Lile la Mkata lilikuwa bado na klachi yake kuukuu."

Sabiri aliangalia alichokiandika, masikio yakamwiva. "Nilimaliza sentensi ya shahidi kwa akili yangu," alisema.

"Ulimaliza," alisema Mashavu. "Karibu impeleke mtu jela. Andika upya." Lakini na yeye hakuwa na furaha. Wakili yeyote angesimama na kusema muuza mihogo hajui magari. Maneno hayakutosha, alitaka chuma. Akaitoa ile bahasha mfukoni.

"Mzee, kitu kikiingia kwenye mdomo wa boneti, kikapenya yale mapezi, kinaangukia wapi?"

"Juu ya giaboksi. Penye mkono wa klachi."

"Na kama mpira unaofunika mkono huo umechanika?"

"Kinaingia ndani ya nyumba ya klachi." Elisha akamtazama kwa macho mengine. "Sasa uliza ile kuukuu iko wapi. Fundi wa huku hatupi spea ya mtu. Anamrudishia mwenye gari, mbele ya macho yake, mteja asije akasema kaibiwa au hajabadilishiwa. Na Ukasha ndiye anayezidi wote kwa hilo. Yeye anaitia kwenye kiroba anafunga kwa waya, kama zawadi."

Mashavu alipiga simu mahabusu. Jibu lilirudi baada ya dakika tatu: kiroba cha saruji, waya umesokotwa mara saba, alikitia mwenyewe kwenye buti la Julius Jumapili jioni. Kwenye jalada, maelezo ya Julius ukurasa wa pili yalisema: *klachi ya zamani alibaki nayo fundi.*

"Washa gari," alimwambia Sabiri.

Barabara ya Handeni haikuwahi kuwa ndefu namna ile. Kila Sabiri alipopunguza mwendo kupisha ng'ombe, Mashavu alitazama saa. Kiroba cha chuma chakavu hakikai nyumbani kwa mtu milele. Kinatupwa shimoni, kinauzwa, kinasahaulika, na kesho saa tatu Ukasha anasomewa shitaka la kuua. Alikuwa na hofu, na aliisema wazi: "Kikiwa kimetupwa, Sabiri, sina kitu."

Walifika Chanika, Handeni mjini, saa saba. Kwanza walimpitia mwenyekiti wa mtaa, mzee Ramadhan, kwa sababu upekuzi bila shahidi ni bure. Nyumba ya Julius ilikuwa ya mama yake, Grace, mjane wa Kisambaa aliyepika chakula cha kuuza kwenye kibanda ubavuni mwa nyumba. Nje palikuwa na mkokoteni wa mnunuzi wa skrepa, umejaa mabati na fremu za vitanda. Mashavu aliuona, akapita.

Julius alikuwa sebuleni. Miaka ishirini na tisa, mtanashati, saa kubwa mkononi. Alimkaribisha mzee Ramadhan kwa shikamoo ya adabu, akavuta viti.

"Nilisema yote Jumatatu, afande."

"Najua. Nataka uyarudie machache tu. Klachi ilifungwa lini?"

"Ijumaa jioni. Ukasha alinipigia."

"Jumamosi gari lilikuwa wapi?"

"Kwake. Alisema klachi mpya lazima izoeshwe."

"Hapa nyumbani halikuja?"

"Halikufika kabisa."

"Klachi ya zamani ulifanyaje?"

"Si nimeandika? Alibaki nayo. Mafundi wanauza skrepa, unawajua."

"Nawajua," alisema Mashavu. "Kwa nini ulichagua ya resi, Julius? Barabara yako ni hii ya mtaani."

Swali hilo hakulitegemea. Akatabasamu. "Gari ni la nguvu, linataka kitu cha nguvu. Wengine wanaendesha kama wanabeba mayai."

"Na Jumatatu ukairudisha, eti inaruka."

Tabasamu lilipungua. Kabla hajajibu, sauti ya Grace ilisikika kutoka nje, kali, ya mama aliyezoea kupatana.

"Usinichezee! Kiroba hiki huwezi kukiinua kwa mkono mmoja, halafu mzani wako unasema kilo saba?"

Mashavu alisimama kabla Julius hajaelewa. Alitoka mbio, viatu vya kazi vikipiga sakafu. Kando ya mkokoteni, kwenye ndoano ya mzani, kilikuwa kinaning'inia kiroba cha saruji, mdomo wake umefungwa kwa waya. Alihesabu mizunguko. Saba.

"Usikiguse," alimwambia mnunuzi. "Kishushe taratibu, kisha sogea."

"Kuna nini, mwanangu?" Grace aliuliza. Alikuwa amevaa aproni, mikono imelowa.

"Shikamoo, mama. Kiroba hiki umekipata wapi?"

"Ni takataka za gari la Julius. Jumapili usiku alikitoa kwenye buti akaniambia nikitupe shimoni. Nikamwambia mimi sijazaliwa Ulaya, chuma hakitupwi. Nikakiweka chini ya meza ya jikoni nimsubiri huyu wa skrepa, hupita Jumatano."

Julius alikuwa amefika mlangoni. "Mama, ingia ndani."

"Niingie kwa nini? Nimeulizwa, najibu."

"Na gari lenyewe, mama," Mashavu aliuliza kwa sauti ileile ya upole, "Jumamosi uliliona?"

"Jumamosi mchana si liliingia hapa uani linanuka kuungua! Wateja wangu wanakula. Nikamwambia atoe uchafu wake, akaenda kulioshea kule nyuma."

"Mama!"

Njia ya mwongo fupi, lakini Julius alikuwa bado na hatua moja. Mzee Ramadhan alisogezewa kiti. Sabiri alipiga picha ya fundo, akaandika saa saba na dakika ishirini na nne. Mashavu alivaa glovu, akausokotoa waya pole pole, akaushusha mdomo wa kiroba.

Pleti ilitoka kwanza, imekwisha mpaka kwenye misumari yake ya ribiti, nyeusi, kingo zimegeuka rangi ya bluu kwa moto. Kisha presha. Katikati ya vidole vya springi yake, ndani kabisa ambako hakufiki kitambaa wala mkono, kulikuwa na tabaka jeupe limeshikana na vumbi jeusi. Sehemu zilizogusana na chuma lilikuwa limeungua, rangi ya kahawia, limeng'ang'ania kama ukoko kwenye sufuria.

"Huu ni nini, Julius?"

Julius alitazama. Kisha akacheka. "Afande, mama yangu anapika! Kiroba kimekaa chini ya meza ya jikoni siku tatu. Unga uko kila mahali mle ndani. Hata kwenye viatu vyangu kuna unga."

Lilikuwa jibu zuri. Hata mzee Ramadhan alitikisa kichwa kama anayekubali.

"Waya ulikuwa umefungwa," alisema Mashavu. "Na unga wa mezani hauungui chini ya meza, Julius. Huu umepikwa. Uliingia wakati chuma ni cha moto, klachi hii ikiwa bado ndani ya gari na inazunguka. Ukasha aliitoa Jumapili bila kujua ameshika nini. Unga huu utapelekwa kwa Mkemia Mkuu pamoja na kilichokwanguliwa kwenye boneti, na unga uliobaki kwenye kiroba cha marehemu."

"Unga ni unga! Mtajuaje kwamba si wa hapa?"

Grace alikuwa amesogea. Aliinama juu ya ile presha, Mashavu akamzuia kwa mkono asiguse. Hakugusa. Alivuta hewa puani tu, mara moja, na uchachu wa muhogo uliovundikwa ukamfikia. Akanyanyuka taratibu sana.

"Muhogo," alisema.

"Mama, nyamaza."

"Hakuna unga wa muhogo jikoni kwangu, Julius. Tangu Ijumaa haupo. Leo siku ya tano wateja wanauliza bada ya muhogo, nawapa ugali wa mahindi." Alimgeukia Mashavu, lakini macho yalikuwa bado kwa mwanawe. "Muhogo wangu wote nauchukua kwa mtu mmoja. Anauvundika mwenyewe, siku nne, hana haraka. Jumamosi saa nne alinipigia. Akaniambia, 'Mama Julius, washa moto, ndiyo nasaga, basi la saa tano nipo.'"

Mnunuzi wa skrepa alivua kofia.

"Nikawasha moto," alisema Grace. "Nikabandika maji, namsubiri Salimu. Yakachemka mpaka yakakauka. Wewe ukaingia na gari linanuka, nikakwambia Salimu leo kachelewa. Ukaniambia, atakuja. Ulinijibu hivyo, Julius. Ukanawa mikono ukala."

Julius aliegemea fremu ya mlango.

"Alitokea ghafla, mama," alisema.

"Sabiri," Mashavu alisema bila kugeuka, "andika saa."

"Saa saba na dakika thelathini na moja, afande."

"Msomee haki zake kabla hajasema lingine." Akachukua ule waya wa Ukasha, akaurudisha kwenye mdomo wa kiroba, akausokota mara saba kama alivyoukuta. Kisha akatoa simu akapiga Korogwe. Ilipokelewa na askari wa zamu.

"Kuna mwanamke getini ana chupa ya uji," alimwambia. "Mwambie asiondoke, aupashe moto."